Wanalala Helsinki, Wanaamka Stockholm: Stori ya Meli za Bata na Ile Iliyobeba Majina Manne

Kila ikifika Desemba mnawaona wenyewe. Staa fulani (jina kapuni, humu ndani hatutajagi) anatupia picha akiwa kwenye meli kubwa kama mtaa mzima. Juu kuna bwawa la kuogelea, ndani kuna maduka na watu wanatembea kama wako Kariakoo, ila Kariakoo yenye zulia. Wadau wanaanza: kalipa mwenyewe? Kalipiwa na nani? Hilo la nani kalipa tuwaachie wenye kazi yao.

Mimi leo nataka stori ya meli zenyewe. Wengi tunadhani huo mtaa ndani ya meli ni ubunifu wa Wamarekani wenye hela zao. Hapana. Kabla ya hapo ulikuwa kwenye meli za usiku za Ulaya Kaskazini, zilizojaa mafundi, makarani, wanafunzi na wastaafu. Na kilichozikuza meli hizo, tusizunguke, ni pombe ya bei nafuu.

Fungua ramani kwenye simu. Finland iko mashariki, Sweden magharibi, katikati Bahari ya Baltiki. Ukitaka kwenda Stockholm kutoka Helsinki kwa gari bila kupanda meli, inabidi uzunguke mpaka juu kabisa karibu na baridi yote ya dunia, kisha ushuke tena, zaidi ya kilomita 1,500. Kwa meli unaondoka saa kumi na moja jioni, unakula, unacheza mziki, unalala, kesho yake saa nne asubuhi hivi uko mjini. Na katikati ya njia kuna visiwa vya Åland. Hivi viko chini ya Finland, ila wenyeji wanaongea Kiswidi na wanajitawala mambo yao mengi tangu miaka ya 1920. Wakazi ni kama 30,000 tu. Kumbuka jina hilo la Åland maana ndio limeshika uchumi wote wa hii stori.

Baada ya vita kuu ya pili, watu wa kule walianza kufunguliwa njia. Mwaka 1952 nchi za Nordiki zilikubaliana raia wao wavuke mipaka bila pasipoti. Mwaka huohuo Helsinki iliandaa Olimpiki, meli mpya zikaagizwa. Miaka miwili baadaye wakaruhusiana hata kufanya kazi, na vijana wa Kifini kwa makumi ya maelfu wakaenda kutafuta maisha kwenye viwanda vya Sweden. Kwa hiyo abiria wa mwanzo hawakuwa watalii. Walikuwa watu wa kazi, wanarudi nyumbani Krismasi na begi la zawadi, kama vile watu wa Dar wanavyojazana Ubungo kwenda Moshi. Siku hizi Mbezi, najua, msinisahihishe.

Halafu mwaka 1959 nahodha mmoja wa Åland na wenzake wakanunua meli Uingereza. Sio mpya, mtumba. Ilikuwa meli ya mvuke iliyojengwa 1924, imeshabeba sana Waingereza na magari yao kwenda Ufaransa, imechoka. Wakaibatiza Viking, wakaanza kubeba watu na magari kati ya Finland, Åland na Sweden. Kampuni ya Viking Line ya leo, ile yenye meli nyekundu, inahesabu mwanzo wake hapo. Upande wa pili kulikuwa na Silja, meli nyeupe. Nyekundu na nyeupe hizo, fikiria Simba na Yanga, ila wanashindana kwa buffet. Na muweke akilini kwamba Viking ilianza na meli ya mtumba iliyopewa jina jipya, nitalirudia.

Sasa njoo kwenye pombe.

Finland ilipiga marufuku pombe kabisa mwaka 1919 mpaka 1932, na ilipofungua, dukani ikawa ni serikali tu inauza. Sweden haikupiga marufuku, ila mpaka 1955 mtu alikuwa na kitabu maalumu cha kununulia pombe, kinagongwa muhuri kila akinunua, na kiwango chako cha mwezi kikiisha, kimeisha. Vitabu vikafutwa, lakini duka likabaki la serikali na kodi ikabaki juu ile mbaya. Wazee wa kule wana adabu sana mchana, ila usiku wa Ijumaa kiu ni kiu.

Meli inayotoka nchi moja kwenda nyingine, ikishaacha bandari, inaruhusiwa kuuza bidhaa bila ushuru. Basi. Hesabu ikawa rahisi mno. Tiketi ikauzwa bei ya kutupa, wakati mwingine chini ya gharama ya chakula cha jioni mjini, maana faida haiko kwenye tiketi. Faida iko baa, iko dukani, iko kwenye katoni za bia ambazo abiria anashuka nazo asubuhi akizikokota kwenye kitoroli. Meli inataka watu wengi, watu wengi wanataka mziki, mziki unataka ukumbi. Kila kampuni ikishusha meli, mwenzake anashusha kubwa zaidi.

Ikafika mahali watu hawaendi popote. Wanapanda Stockholm jioni, meli inakwenda mpaka Åland, inageuza, wao hawajashuka hata hatua moja, kesho yake wako nyumbani na kichwa kinauma. Likizo imeisha. Ukimuuliza ulienda wapi anakwambia nilikuwa kwenye meli. Watu waliochumbiana huko ni wengi, walioachana pia. Kampuni zikaanza kupeleka wafanyakazi wao kufanya semina melini, na wote tunajua semina ni nini.

Mwaka 1990 Silja wakaleta meli inayoitwa Silja Serenade, iliyojengwa Turku, Finland. Katikati yake waliweka barabara ya ndani, zaidi ya mita 100, maduka na migahawa huku na huku, paa la kioo juu. Vyumba vya ndani vikapata madirisha yanayochungulia hiyo barabara. Miaka tisa baadaye Royal Caribbean wa Marekani walipotaka meli kubwa kuliko zote, walijengewa palepale Turku, na barabara ya ndani ikawekwa. Hata ile Icon of the Seas iliyoanza safari 2024, ambayo ninyi wenyewe mmeijaza kwenye stori zenu, ni kazi ya Turku. Kwa hiyo staa wetu akiposti yuko kwenye zulia katikati ya maduka ya baharini, anatembea kwenye mtaa wa walevi wa Helsinki. Simaanishi vibaya.

Hiyo biashara nusura ife kwa sheria. Finland na Sweden ziliingia Umoja wa Ulaya Januari 1995, na Umoja ukaamua kwamba kuanzia Julai 1999 hakuna tena kuuza bila ushuru kwa safari za ndani ya nchi wanachama. Kwa meli za Baltiki hiyo ni hukumu ya kunyongwa. Lakini Åland, vile visiwa nilivyosema mkumbuke, walikuwa wajanja wakati wa kujiunga. Waliingia kwa masharti kwamba wao watabaki nje ya mfumo wa kodi wa Umoja. Maana yake, meli ikigusa Åland tu, hata dakika chache, inahesabika imetoka nje kikodi, maduka yanafunguliwa. Ndio maana mpaka leo meli kubwa ya ghorofa zaidi ya kumi inaingia kwenye kabandari ka Mariehamn saa kumi usiku, inasimama kidogo, inaondoka. Anayeshuka saa kumi usiku kwenye mji wa watu 11,000 karibu hayupo. Meli imekuja kugusa kisheria tu. Nikisoma hii kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwenye daladala.

Mpaka hapa ni bata tupu. Ila hizi meli zina usiku mmoja ambao kule wakiutaja wanashusha sauti, na siwezi kuandika historia yake nikauruka.

Kusini ya Finland, kama kilomita 80 tu kuvuka maji, kuna Estonia. Miaka yote ya Umoja wa Kisovyeti watu wa Tallinn walikuwa wakinasa televisheni ya Finland, wanaona matangazo ya vitu ambavyo hawawezi kununua, na kuondoka hawawezi. Mwaka 1990, wakati Moscow inalegea, ikafunguliwa njia ya meli ya usiku Tallinn kwenda Stockholm, ya kwanza tangu vita. Mwaka 1991 wakapata uhuru. Mwaka 1993 wakaleta meli kubwa zaidi kwenye njia hiyo na wakaipa jina la nchi yenyewe: Estonia. Hebu fikiria nchi ndogo, imetoka jela juzi, meli yake inaingia Stockholm kila baada ya siku mbili na jina limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa. Kwao ilikuwa bendera inayoelea.

Ila nayo ilikuwa mtumba. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1980, ikaitwa Viking Sally, nyekundu. Ikauzwa ikawa Silja Star. Ikawa Wasa King. Ndio ikawa Estonia. Majina manne ndani ya miaka 13. Wala sisemi mtumba ni mbaya, nusu ya nguo zangu ni za Karume. Shida ilikuwa kwingine. Viking Sally iliundwa kwa njia ya Turku, Åland na Stockholm, ambayo sehemu kubwa inapita katikati ya visiwa, maji yamekingwa, mawimbi hayapati nafasi ya kukua. Kwa sababu hiyo hata sharti moja la kimataifa kuhusu ukuta wa kuzuia maji upande wa mbele halikufuatwa kikamilifu, ilionekana njia yenyewe iko karibu na pwani. Tallinn kwenda Stockholm ni bahari wazi. Meli ilibadilishwa jina na ikabadilishwa njia, lakini pua ilibaki ileile.

Hiyo pua ndio kila kitu. Kwenye meli za aina hii magari yanaingia upande mmoja na kutoka upande wa pili, kwa hiyo mbele kunafunuka juu kama boneti. Nyuma ya boneti kuna mlango wa daraja ambao ukishushwa magari yanapita. Ndani, sitaha ya magari ni uwanja mmoja mtupu kutoka mbele mpaka nyuma, hauna kuta za kukata. Beba sinia lenye maji kidogo, liinamishe kidogo tu uone maji yote yanavyokimbilia upande mmoja. Sasa fanya sinia liwe na urefu wa zaidi ya mita 100 na juu yake kuna watu karibu elfu moja, na chini yake pia kuna watu wamelala, maana vyumba vya bei rahisi vilikuwa chini ya magari.

Tarehe 27 Septemba 1994, saa moja na robo usiku, Estonia iliondoka Tallinn na watu 989. Kulikuwa na kundi la wastaafu kutoka mji wa Norrköping. Kulikuwa na wafanyakazi wa polisi wa Stockholm waliokuwa kwenye semina palepale melini. Bahari ilikuwa mbaya, mawimbi ya mita nne na zaidi, ila kwa watu wa kule hiyo ni Septemba ya kawaida. Karaoke iliendelea.

Kama saa saba usiku watu wakaanza kusikia vyuma vinagonga mbele. Vifungo vya boneti vilikuwa vinakatika. Kutoka kwenye chumba cha nahodha ile pua haionekani, na taa za kuonyesha kama imefungwa hazikumwambia mtu kwamba imeng'oka. Ilipoanguka baharini ikavuta mlango wa nyuma yake ukafunguka, maji yakaingia kwenye sinia. Meli ikalala upande ghafla. Simu ya kuomba msaada ilitoka saa saba na dakika 22. Saa nane kasoro dakika kumi ilikuwa imetoweka kwenye rada. Nusu saa hiyo, wewe mwenyewe pima: uko chumbani ghorofa ya chini, umelala, korido imegeuka ukuta na ngazi zimelala ubavu. Waliowahi kutoka nje wengi walikuwa vijana wa kiume wenye nguvu, na hata huko nje kulikuwa na maji ya baridi yanayoua.

Meli ya kwanza kufika kusaidia, saa nane na dakika 12, ilikuwa ya Viking Line, ikiwa na rangi nyekundu ileile aliyovaa Estonia siku anazaliwa. Walipona 137. Walikufa 852.

Ripoti ya pamoja ya Estonia, Finland na Sweden ilitoka 1997 ikasema nilichowaeleza hapo juu: vifungo dhaifu kwa mawimbi yale. Watu hawakuridhika wote. Kulikuwa na maneno ya bomu, ya mizigo ya siri ya kijeshi, mpaka leo ukiingia YouTube hutoki. Mwaka 2020 filamu moja ilionyesha tundu kwenye ubavu wa meli kule chini, uchunguzi ukafunguliwa upya, na taarifa ya awali ya Januari 2023 ikasema hakuna dalili ya mlipuko wala kugongwa na chombo kingine. Mimi binafsi naona watu wanapenda njama kwa sababu njama ina adui. Kifungo cha chuma kilichochongwa kidogo kuliko inavyotakiwa hakina adui, kina mafaili tu.

Baada ya hapo mambo yalibadilika kweli, sio kwa maneno. Meli nyingi zilichomelewa pua zao zisifunguke tena kabisa. Mwaka 1996 nchi za kaskazini zikakubaliana kwamba meli ya aina hii lazima iweze kusimama hata kama sitaha ya magari ina maji ya nusu mita. Pale Stockholm kuna ukuta wa kumbukumbu uliochongwa majina ya waliokufa. Sio wote, kuna familia zilikataa jina la mtu wao liwekwe. Na meli za usiku zikaendelea kuondoka saa kumi na moja jioni, zimejaa.

Sasa jiulize meli zinazozeeka huko zinaenda wapi. Zinashuka kusini, hatua kwa hatua, kila mmiliki mpya na rangi mpya. Nyingine zinafika kwetu.

Spice Islander ilijengwa Ugiriki mwaka 1967, ikafanya kazi ya kubeba watu wa visiwani huko, likizo na biashara, kwa majina mengine, kisha ikaletwa Zanzibar. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ilikuwa inatoka Unguja kwenda Pemba. Idi ilikuwa imepita siku kumi tu, watu wanarudi makwao na watoto na mizigo. Ilizama mbele ya Nungwi saa saba usiku hivi, imepakia kupita kiasi. Ilipatikana miili 203, na tume ya serikali ya Zanzibar baadaye ikataja wengine 1,370 ambao hawakuonekana. Ukijumlisha, ni zaidi ya Estonia, karibu mara mbili. Lakini Estonia ina filamu, ina vitabu, ina ukuta wa majina. Spice Islander ukimtaja kwa mtoto wa miaka kumi na tano wa Dar anakuuliza hiyo ni pilau?

Haikupita hata mwaka. Tarehe 18 Julai 2012 ikazama Skagit, ikitoka Dar kwenda Unguja mchana kweupe. Hiyo haikutoka Ugiriki, ilitoka Marekani. Ilikuwa chombo cha serikali ya jimbo la Washington, kimejengwa 1989 kwa ajili ya kuvusha wafanyakazi asubuhi na jioni kwenda Seattle, kwenye ghuba la Puget Sound ambalo limezungukwa na nchi kavu na maji yake yametulia. Wakaiuza 2011. Mkondo wa Zanzibar mwezi wa saba, upepo wa kusi ukiwa umechachamaa, wenyeji wa Pwani wanaujua.

Skagit haikubadilishwa hata jina. Ilizama Chumbe ikiwa bado inaitwa kwa jina la mto wa Washington.